Ukocha wa mbio vyuoni Marekani: miguu peke yake haitoshi

Miaka minne ya ufadhili ikiisha, kijana wa Iten au Mbulu aliyekuwa mkimbiaji wa timu ya chuo cha Marekani hujikuta njia panda. Wengine huingia kwenye unesi, wengine kwenye malori, na wachache huamua kubaki uwanjani wawe makocha. Hao wachache ndio tunaowaandikia. Njia ipo na wenzetu wameshaipita, ila wengi huikosea mlangoni kwa kudhani kwamba aliyejua kukimbia ameshajua kukimbiza.

Mtazame John McDonnell. Alizaliwa County Mayo, Ireland, mwaka 1938, akaja Marekani mgeni kama sisi, akawa mkimbiaji wa chuo kimoja cha Louisiana, kisha akafundisha shule za sekondari. Chuo Kikuu cha Arkansas kilimpa timu ya mbio za nyika mwaka 1972. Ubingwa wake wa kwanza wa taifa ulikuja 1984, yaani baada ya miaka 12. Alipostaafu 2008 alikuwa na mataji 40 ya NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo vya Marekani: 11 ya nyika, 19 ya uwanja wa ndani na 10 ya uwanja wa nje. Kila mtu huitaja hiyo 40. Anayeomba kazi ya ukocha aanze na hiyo 12.

Wa kwetu wapo pia. Paul Ereng alitwaa dhahabu ya mita 800 Seoul 1988 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia, baadaye akawa kocha wa UTEP, yaani Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso. Bernard Lagat, aliyesomea Washington State, alikabidhiwa timu ya nyika ya Chuo Kikuu cha Arizona.

Sasa kazi yenyewe. Ianze na hesabu ya nyika, ambayo wakimbiaji wengi hawaijui vizuri hata baada ya kukimbia misimu minne. Timu hupeleka watu 7. Nafasi za 5 wa kwanza hujumlishwa, na jumla ndogo ndiyo hushinda. Wa sita na wa saba hawaongezi kitu kwenye jumla, lakini wakimpita mtu wa tano wa wapinzani humsukuma nyuma. Wasipofika watano mwishoni, timu haina alama kabisa. Nyota wako akipanda kutoka nafasi ya 3 hadi ya 1 ameokoa alama 2. Mtu wako wa tano akipanda kutoka ya 90 hadi ya 60 ameokoa 30. Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka 1978, alishinda nyika ya NCAA akiwa Washington State mwaka 1976, 1977 na 1979. Miaka hiyo mitatu kikombe cha timu kilikwenda kwingine: UTEP mara mbili na Oregon mara moja. Kisha mwaka 1981 UTEP ya Ted Banks, ikiwa imejaa Waafrika, ilishinda kwa alama 17, wakati alama ndogo kuliko zote zinazowezekana ni 15. Kocha hulipwa kwa sababu ya mtu wake wa tano.

Na mtu wa tano huharibikia mazoezini. Mtindo wetu wa nyumbani ni kundi moja, anayeweza afuate, asiyeweza aachwe. Kambini, wanakokuja watu mia kutafuta nafasi, unafanya kazi. Chuoni una watu 15, huna wa kupoteza. Kijana wa mwaka wa kwanza akimfuata nyota kila Jumanne, kufikia Oktoba ana maumivu ya mfupa wa mguu na damu yake imepungukiwa madini ya chuma. Gawa makundi matatu, kila moja na kasi yake. Chukua marudio 6 ya kilomita 1 kwa kasi ya mashindano, pumziko dakika 2. Rudio la mwisho likiwa polepole kuliko la kwanza kwa zaidi ya sekunde 5, huyo mshushe kundi wiki ijayo, hata akinuna. Siku inayofuata iwe nyepesi kweli. Bill Bowerman, aliyefundisha Oregon hadi 1972, alijenga kazi yake juu ya kanuni hiyo ya siku ngumu na siku nyepesi, na kuivunja hakujawa na faida hadi leo.

Halafu kuna saa. Katika Divisheni ya Kwanza, daraja la juu la NCAA, ndani ya msimu mazoezi ya lazima hayazidi saa 20 kwa wiki wala saa 4 kwa siku, na siku moja lazima iwe huru. Siku ya mashindano huhesabiwa saa 3, hata kama mbio zenyewe ni nusu saa. Nje ya msimu ni saa 8. Vikao na mazoezi ya vyuma vya lazima vinaingia kwenye hesabu. Hapa ndipo makocha waliokulia kambini hunaswa: mwanafunzi akitaka kukimbia alfajiri kwa hiari yake, ruksa, lakini kocha hawezi kumwagiza wala kumtaka alete ripoti. Weka daftari la saa kila siku. Likiandikwa Ijumaa kwa kumbukumbu, litakuwa na uongo hata bila kukusudia.

Fainali ya nyika hufanyika Novemba, wanaume kilomita 10, mara nyingi kwenye baridi na matope. Beba misumari ya spaiki ya milimita 6 kwa nyasi kavu na 12 kwa tope, pamoja na ufunguo wake, na uibadilishe jioni ya kabla. Msumari ulioshika kutu haufunguki asubuhi vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Nusu ya kazi iko mezani. Huwezi kwenda kusaka wanariadha nje ya kampasi kabla ya kufaulu mtihani wa kanuni, na unarudiwa kila mwaka. Ukimleta kijana kutoka nyumbani, anza na kituo cha NCAA cha kuhakiki sifa: matokeo halisi ya sekondari, tarehe aliyomaliza, na kila mbio ya barabarani aliyokimbia tangu hapo pamoja na kila shilingi ya zawadi. Miaka ya kukaa kijijini akishindana kabla ya kujiunga inaweza kumlia misimu anayoruhusiwa kushindana chuoni. Wengi huficha jambo hili, na matokeo ya mtandaoni huwaumbua.

Vibali sasa. Medali zako za mbio hazikufanyi kocha bingwa machoni pa maofisa wa uhamiaji. Kwao kukimbia na kufundisha ni fani mbili, na kwa O-1, viza ya wenye kipaji cha pekee, watauliza umefundisha nani akashinda nini. H-1B, viza ya kazi za kitaaluma, ikiombwa na chuo kikuu haina bahati nasibu ya kila mwaka, ila lazima kazi idai shahada inayohusiana, kwa hiyo uzamili wa sayansi ya michezo una uzito kuliko kombe. Tangazo la Septemba 2025 liliweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya walio nje ya Marekani. Ndiyo maana usirudi nyumbani "kupumzika kidogo" kabla mwanasheria wa chuo hajakuambia.

Kalenda ndiyo huwakamata wengi. Mahafali ni Mei, lakini nafasi za makocha wasaidizi hufunguka zaidi baada ya fainali za uwanja za Juni, hadi Agosti. OPT, ruhusa ya mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi baada ya masomo, huombwa kuanzia siku 90 kabla ya masomo kuisha hadi siku 60 baadaye, na ikishaanza unaruhusiwa kukaa bila kazi siku 90 tu kwa jumla. Chagua tarehe ya kuanza iliyo karibu na mwisho wa zile siku 60, hesabu ianze Julai badala ya Mei. Kazi isiyolipwa ya saa 20 kwa wiki huweza kuhesabiwa kama kazi katika OPT, ilimradi haivunji sheria za ajira. Ila Divisheni ya Kwanza ilifuta cheo cha kocha wa kujitolea Julai 2023, kwa hiyo barua za kuomba kujitolea zipeleke Divisheni ya Pili, ya Tatu, NAIA (chama kingine cha michezo ya vyuo) na vyuo vya miaka miwili. Ziandike Machi, kila moja ikiwa na mpango wako wa wiki 12 kwa mtu wa tano wa timu yao.