Msiri si “secretive”

Miaka kadhaa iliyopita niliandika barua ya kumpendekeza mwenzangu wa zamani kazini. Kazi aliyoiomba ilikuwa ya kutunza majalada ya watu: mishahara, magonjwa, kesi za nidhamu. Nilimjua vizuri. Tulikaa meza moja miaka mitatu, na sikuwahi kumsikia akitoa nje neno aliloambiwa ndani. Kwa Kiswahili ningemaliza kwa neno moja, msiri, na kila msomaji angeelewa kwamba huyu ana kifua.

Barua ilitakiwa kwa Kiingereza. Nikaandika: “She is very secretive.”

Baada ya wiki moja nikapigiwa simu. Mtu wa upande wa pili, kwa adabu kabisa, alitaka kujua mwenzangu anaficha nini. Nikaishiwa maneno. Neno nililolihitaji lilikuwa “discreet”: mtu anayejua lipi la kusema, lipi la kunyamazia, na mbele ya nani. “Secretive” ni yule anayefunga droo haraka ukiingia chumbani. (Na “discreet” iandikwe kwa e mbili zilizoshikana. “Discrete” ni neno jingine, la vitu vilivyotengana, na sikio halikusaidii maana yanatamkwa sawasawa.)

Mwenzangu hakunikasirikia. Alisema tu, “Dada, andika nyingine.” Niliandika usiku huohuo. “Discreet” ikakaa mstari wa kwanza, na chini yake “conscientious”, yaani anayefanya kazi kwa dhamiri hata asiposimamiwa. Kazi aliipata. Mimi nikabaki na hofu ya maneno ya namna hii, hofu ambayo nadhani imenifanya kuwa mfasiri bora kidogo.

Neno la kumweleza mtu halielezi tu, linahukumu. Mwaka 1948, katika kipindi cha redio cha BBC, mwanafalsafa Bertrand Russell alilionyesha hilo kana kwamba ananyambulisha kitenzi: mimi ni “firm”, wewe ni “obstinate”, yule ni mpumbavu “pig-headed”. Tabia ni ileile ya kutokubali kuyumbishwa. Kilichobadilika ni anayesema na anayesemwa. Kiswahili nacho kina mizani hiyohiyo: mwenye msimamo, mbishi, mkaidi. Wanafunzi wengi wa Kiingereza hufundishwa maneno haya kama visawe, kisha wanayachanganya kwenye insha wakidhani wanaipamba.

Chukua ukimya peke yake. “Quiet” haina lawama. “Reserved” ni mtu asiyemwaga moyo wake haraka mbele ya wageni, na mara nyingi ndani yake mna heshima. “Reticent” anasita kusema, hasa habari zake mwenyewe. “Taciturn” ni mzito wa kusema kwa tabia, maneno yake ya kuhesabu, na neno lenyewe lina ukavu fulani. “Withdrawn” inanitia wasiwasi kila ninapoiona: inaashiria mtu aliyejifungia ndani, pengine alikuwa akichangamka zamani. Mwalimu akiandika hivyo kuhusu mtoto wako, usimalizie kusoma ripoti. Nenda ukamwone mtoto.

Halafu iko “aloof”, ninayoipenda kuliko zote kwa asili yake. Ilitoka kwa mabaharia. Ilikuwa amri ya kuelekeza chombo upande wa goshi, unakotoka upepo, kisije kikasukumwa pwani. Kukaa “aloof” kulikuwa kukaa mbali na nchi kavu. Leo ni mtu anayekaa mbali na wenzake, na anayemwita hivyo anahisi amedharauliwa. Kwa hiyo ukimwandikia mtu barua ya kumsifu, “reserved” inaweza kupita. “Aloof” haipiti.

Upande wa fedha mambo ni mepesi zaidi: “thrifty” na “frugal” ni sifa, “stingy” na “tight-fisted” ni mkono wa birika. Mpole si “polite”. Huyo ni mwenye adabu, na unaweza kuwa na adabu bila chembe ya upole. Mpole ni “gentle”. Wivu na kijicho tunavyo vyote viwili, na vinasaidia: “jealous”, kwa maana yake ya karibu, ni kuogopa kunyang’anywa ulicho nacho, na “envious” ni kukitamani cha mwenzako, ingawa katika mazungumzo ya kila siku Waingereza wenyewe huyachanganya.

Kwenye undugu ni Kiingereza kinachopungukiwa, na hapo mfasiri huteseka. “Uncle” ni mjomba, au ami, au baba mdogo, au baba mkubwa? “Sister-in-law” ni wifi au shemeji? Nimewahi kusimamisha kazi siku nzima nikimsubiri mwenye hati anijibu kwa mstari mmoja. Siwezi kubahatisha, anayeitwa mjomba ni kaka wa mama, na nikikosea nimemhamishia ukoo mwingine.

Maneno ya mahusiano nilikuwa nikiyaandika daftarini kwa alfabeti, na hayakukaa. Sasa kila neno nalipa mtu ninayemfahamu na sentensi ya kweli juu yake. “Close-knit” ni ya familia zilizoshikamana kama nyuzi za sweta. “Strained” ni uhusiano uliovutwa hadi unakaribia kukatika. “Estranged” ni nzito: watu waliokuwa wa karibu, mara nyingi mume na mke au mzazi na mtoto, sasa hawaongei. “Rival” ilitoka kwenye neno la Kilatini la watu wanaochota maji kijito kimoja, na kwenye ukurasa huo nina mtu, ila simtaji.

Ukurasa ulionikamata ni wa “fall out” na “drift apart”. Ya kwanza inadai ugomvi. Lazima pawe na siku na neno lililosemwa. Ya pili haina siku. Ni vyombo viwili vilivyoachiwa maji, kila kimoja kikasogea kidogo, hadi havionani. Kiswahili kinasema kupoteana.

Nilikuwa na rafiki wa chuo, na kwa miaka mingi, watu wakiniuliza habari zake kwa Kiingereza, nilijibu “we fell out”. Nilipokaa kuandika sentensi yake nikatafuta ule ugomvi. Sikuupata. Alihama, nikabadilisha namba, ujumbe wake mmoja nikauahirisha hadi nikaona haya kuujibu. Muda wote huo nilikuwa nikiwaambia watu kwamba alinikosea, kwa maneno mawili yasiyo yake.

Nilikata “fall out” kwa kalamu, nikaandika jina lake chini ya neno la pili. Kisha nikaomba namba yake kwa mtu, nikamwandikia neno moja: “Umeadimika!”

Alijibu usiku uleule: “Mimi? Aliyepotea ni wewe.”