Jamu ya sukari kidogo
Jamani, nimepika jamu ya stroberi kwa sukari kidogo na nimefurahi mno: ukionja unalipata tunda lenyewe, si utamu mtupu. Kilo 1 ya matunda, gramu 250 za sukari, na maji ya limau. Haishiki upesi kama ile ya kawaida, kwa hiyo usiwe na haraka. Dondosha kidogo kwenye kisahani kilichotoka kwenye friza, subiri ipoe, isukume kwa kidole. Ikijikunja juu, epua. Ila sukari ndiyo huyazuia maji ambayo ukungu unayahitaji, hivyo ukiipunguza jamu haidumu. Iweke kwenye friji, iliwe ndani ya wiki 3 hivi. Ya akiba naigandisha, na chombo sikijazi pomoni maana hutanuka ikiganda.