Modeli yangu ilivyotushauri turudi kwenye mkaa

Mkubwa mmoja aliniambia, "Chukua modeli ya nishati ya Wazungu, badilisha namba ziwe za Tanzania, wiki mbili umemaliza." Wiki mbili! Nimehangaika nayo miezi saba hapa Dodoma, na feni yenyewe mbovu.

Nilitumia LEAP, programu ya kompyuta ya kukadiria nchi itatumia nishati gani miaka ijayo na itatoa hewa ukaa kiasi gani. Mwanafunzi anapewa leseni bure, kilichonimaliza ni bando. Upande wa umeme haukunisumbua: Bwawa la Nyerere megawati 2,115, gesi ya Songosongo na Mnazi Bay, jua la Kishapu, upepo wa Singida nikauweka miaka ya mbele. Basi.

Balaa lilikuwa bei ya kaboni, yaani tozo kwa kila tani ya hewa ukaa inayotoka kwenye nishati. Nikaweka dola 20 kwa tani, nikabonyeza, nikaenda kunywa chai. Narudi, mstari wa hewa ukaa umeporomoka mpaka raha! Nikapiga simu nyumbani kujisifu. Usiku ndipo nikafungua majedwali ya majiko. Mtungi wa gesi ya kupikia wa kilo 15 ulikuwa umepanda kama elfu mbili na kitu, na kwa kuwa mimi mwenyewe niliandika kanuni kwamba kaya hufuata kilicho nafuu, nchi nzima ilikuwa imehamia mkaa. Na mkaa ulihesabiwa sifuri! Kwa utaratibu wa IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, kaboni ya kuni na mkaa huhesabiwa kwenye misitu, si kwenye nishati. Misitu sikuwa nimeiweka. Nilicheka peke yangu kama chizi.

Misitu nikaiweka (tanuri letu la udongo linakula kilo sita, saba za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, msisahau hilo). Lakini ile kanuni ya kuhama ilinikera. Nikaenda soko la Majengo kwa mama anayeuza mkaa. Nendeni asubuhi, mchana hana muda na nyie. Nikamwamkia, nikanunua makopo matatu ili nikayapime, kisha nikauliza.

"Mwanangu, nani anahama kwa elfu mbili? Anahama siku gesi imeisha na hela ya kujaza mtungi hana. Hapa akija na elfu moja, leo anapika."

Nikafuta kanuni yote. Badala ya bei ya kilo nikaweka kiasi ambacho mtu hutoa kwa mkupuo. Bei ya kaboni ikawa haisogezi chochote cha maana jikoni. Gesi ya kupimiwa kidogo kidogo ndiyo iliyoangusha mkaa.

Mkubwa akaniuliza kanuni hiyo nimeitoa jarida gani. Nikamwambia Majengo, karibu na wauza nyanya.