Hatari ya Wiki ya Tatu

Mwaka 2021, mvua za masika zikiwa zimekolea, gari la wagonjwa lilituletea hospitalini kwetu Kisumu mama mmoja kutoka upande wa Ahero. Mimba ilikuwa ya wiki 27 na uchungu ulikuwa umeshapamba moto. Kule alikotoka walikuwa wamemdunga deksamethasoni miligramu 6. Dozi kamili ni sindano nne, moja kila saa 12, ili mapafu ya watoto yakomae upesi; alijifungua pacha kabla ya ya pili. Hata hiyo moja si ya kubezwa.

Majina hayakuhitaji kikao. Pacha wa kike wa Kijaluo, wa kwanza ni Apiyo, wa pili Adongo. Apiyo alikuwa na gramu 940, mdogo wake 870. Hawakupanguswa. Mtoto wa chini ya wiki 32 hutiwa na majimaji yake kwenye mfuko safi wa plastiki hadi shingoni, kofia kichwani, kwa sababu ngozi yake ni nyembamba mno na maji yakikauka huondoka na joto. Joto likishuka chini ya nyuzi 36.5, sukari nayo hushuka na pumzi hulegea.

Siku tatu za kwanza tulilinda mapafu na kichwa. Mapafu ya umri huo yana sufaktanti kidogo sana, ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandamane mtoto anapotoa pumzi. Dawa yake hatukuwa nayo, tukategemea sipapu ya viputo, mtambo unaosukuma hewa puani ili mapafu yasijifunge. Ncha ya mpira wa kutolea hewa huzamishwa sentimita 6 ndani ya chupa ya maji, na kina hicho ndicho shinikizo lenyewe. Viputo vikikoma, usikimbilie kuongeza oksijeni. Tazama kwanza kama vijiti vya puani vimechomoka, mtoto ameachama, au mpira umeachia mahali. Kwa njiti anayeongezewa oksijeni, oksijeni ya damu ikikaa juu ya asilimia 95 macho huwa hatarini. Adongo alikuwa akisahau kupumua. Zikipita sekunde 20 anasuguliwa unyayo. Alipewa kafeini, miligramu 20 kwa kilo, kwake kama 17, na usahaulifu ukapungua. Kuwashikashika tulikupunguza kabisa, maana mishipa ya ubongo hupasuka zaidi katika saa 72 hizo.

Maziwa ya mama yalianza kwa mililita 2 kila saa tatu kupitia mpira wa tumboni, dripu ya sukari ya dekstrosi asilimia 10 ikijazia. Wiki ya pili ilipoisha, nyanya yao alikuwa ameshaanza kuulizia siku ya kwenda nyumbani.

Kisha mama akashikwa na homa, maziwa yakapungua. Benki ya maziwa ya akina mama ilikuwa Pumwani, Nairobi, si kwetu. Yaliyopatikana akapewa Adongo kwa kuwa ndiye mdogo, na Apiyo akaongezewa ya kopo. Siku ya 17 maziwa ya Apiyo yalirudi ya kijani mpirani. Tumbo lilivimba likang'aa, na yeye aliyekuwa hasahau kupumua akaanza kusahau. Dalili hii ya mwisho hupuuzwa sana kwa sababu watu wanatazama tumbo tu. Maziwa yakasimamishwa, mpira ukaachwa wazi, dawa za viini zikaongezwa Flagyl. Eksirei ilionyesha hewa ndani ya ukuta wa utumbo, alama ya utumbo unaooza. Akafa kesho yake.

Kwenye fomu ya kifo daktari kijana aliandika "njiti". Sista mkuu wa zamu alimrudishia. "Daktari, njiti ni umri wake. Kilichomuua andika." Akaandika kuoza kwa utumbo mstari wa kwanza, kuzaliwa wiki ya 27 mstari wa chini. Sista alikuwa na haki. Fomu zote zikisema njiti, hakuna atakayejua kama wadi inahitaji maziwa, mifuko ya plastiki au sipapu nyingine.

Maziwa ya kopo huongeza hatari hiyo, lakini utumbo mchanga huweza kuoza hata kwa ya mama, kwa hiyo hakuna aliyemwambia mama kwamba kopo ndilo lililomuua mwanawe.

Adongo, alipotolewa sipapu, alifungwa kwa leso kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Macho yalipimwa akiwa bado wodini, wiki ya nne. Aliruhusiwa na gramu 1,800, akinyonya mwenyewe na akiendelea na matone ya madini ya chuma.