Amina al-Sirafi Barazani Kwetu: Kumbukumbu ya Mradi Wangu wa Kusoma

Mradi huu, wa kusoma pamoja riwaya iitwayo The Adventures of Amina al-Sirafi, ulianza kwa ubishi. Sisi ni wasomaji saba tunaokutana hapa Tanga kila Jumamosi ya pili ya mwezi, baada ya alasiri, na tulikuwa tumetoka kumaliza riwaya mbili ndefu za kihistoria ambazo ziliwachosha hata waliozipendekeza. Nikatoa shauri kwamba zamu hii tusome fantasia. Mmoja wetu, mwalimu mstaafu ambaye sote twamwita Mwalimu, akasema kwamba fantasia ni hadithi za theluji, mazimwi yenye mabawa na wafalme wa Ulaya, na kwamba umri wake haumruhusu tena kukariri ramani ya nchi isiyokuwapo. Nilimkumbusha manyani wanaochapwa kila usiku katika kisa cha Adili cha Shaaban Robert, nikamkumbusha pia Alfu Lela Ulela tuliyolelewa nayo. Akajibu kwa upole, “Hizo si fantasia, mwanangu, hizo ni hekaya.” Basi nikaahidi kutafuta mfululizo mpya ambao utamwia vigumu kuuita fantasia bila kuuita hekaya, nami nikapewa miezi mitatu.

Mwezi wa kwanza: kuchagua

Nilijiwekea masharti machache. Mfululizo uwe wa miaka hii ya karibuni. Kitabu chake cha kwanza kiwe na mwisho unaoeleweka, ili asiyependa aweze kuachia hapo bila kinyongo. Na ulimwengu wake usimlazimishe msomaji wa pwani kuanza kujifunza kila kitu upya, kuanzia chakula hadi hali ya hewa.

Wa kwanza kuufikiria ulikuwa mfululizo wa N. K. Jemisin unaoitwa The Broken Earth, ambao vitabu vyake vitatu vilipata tuzo ya Hugo, inayotolewa kwa fantasia na hadithi za sayansi, ya riwaya bora kwa miaka mitatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018, jambo ambalo hakuna mwandishi aliyelifanya kabla yake. Ni kazi kubwa na ninaiheshimu, lakini ni nzito kama kifusi: ardhi inapasuka, watoto wanakufa, na msimulizi anakuita “wewe” kana kwamba una hatia. Niliona nikiwapelekea wenzangu kitabu hicho baada ya zile riwaya mbili, Mwalimu hatarudi barazani.

Wa pili ulikuwa mfululizo wa Daevabad wa Shannon Chakraborty, mwandishi Mmarekani aliyesilimu akiwa kijana. Vitabu vyake vitatu vilitoka kati ya 2017 na 2020, na vinaanzia Cairo ya karne ya 18 kisha vinahamia katika mji wa majini uliojificha jangwani. Nilivifurahia, ila siasa za makabila ya majini zina matawi mengi mno, na nilipojaribu kumsimulia mke wangu sura kumi za kwanza nilijikuta nikichora mti wa ukoo nyuma ya risiti ya dukani.

Hapo ndipo nilipokifikia kitabu cha mwandishi huyo huyo kilichotoka mwaka 2023, The Adventures of Amina al-Sirafi, ambacho ni cha kwanza kati ya vitatu vilivyokusudiwa, na ambacho kilikuwa miongoni mwa riwaya zilizoteuliwa kuwania tuzo ya Hugo ya mwaka 2024. Nilisoma kurasa ishirini nikiwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo changu.

Kisa chenyewe, bila kufichua yasiyofaa kufichuliwa, ni hiki. Tuko karne ya 12, katika Bahari ya Hindi. Amina ni mwanamke wa makamo aliyekuwa nahodha na haramia wa kuogopwa, naye sasa amejificha karibu na Salalah, katika Oman ya leo, pamoja na mama yake na binti yake mdogo, goti likimuuma na paa la nyumba likivuja. Anafika mama mmoja tajiri kutoka Aden, ambaye mwanawe aliwahi kuwa baharia wa Amina na kufia mikononi mwake, akimtaka amtafute mjukuu wake aliyechukuliwa na Mfaranji mmoja, yaani Mzungu wa Ulaya, mwenye tamaa ya vitu vya kichawi. Malipo ni makubwa, na vitisho vilivyofungwa ndani ya malipo hayo ni vikubwa zaidi. Amina analifuata jahazi lake la zamani, Marawati, anawakusanya wenzake wa kale mmoja mmoja, naye mmoja wao, baharia mchora ramani aliyestaafu, anapatikana Mogadishu. Kutoka hapo safari inaelekea kisiwa cha Sokotra, na baada ya Sokotra sisemi neno.

Mwezi wa pili: maneno

Kitabu tunakisoma kwa Kiingereza, na wenzetu wawili hawakipendi Kiingereza kirefu. Kwa hiyo nilijitwika kazi mbili, yaani kuandika muhtasari wa kila sura kwa Kiswahili, na kutengeneza sherehe, yaani orodha ya maneno na maana zake, ya chombo na bahari. Ile ya kwanza ilikwenda bila tabu. Ya pili ndiyo iliyogeuka kuwa mradi wenyewe.

Nilidhani nitatafsiri. Kumbe kazi kubwa ilikuwa kurudisha. Amina anaitwa nakhudha kitabu kizima, nasi tuna nahodha, neno lile lile lililotoka kwa Waajemi na maana yake ya asili ni bwana wa chombo. Kila nilipokutana na kamba, mti au upande wa jahazi ulioelezwa kwa Kiingereza kwa maneno matano, nilihisi kwamba kwetu lipo neno moja, ila mimi mtoto wa ofisini sikuwa nalo. Nikaenda kwa mzee mmoja jirani ambaye aliendesha majahazi kati ya Pemba, Tanga na Lamu kwa miaka mingi kabla ya macho kumpungukia.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Leo umekuja na daftari, una deni?”

Nilimweleza. Akanipa foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga. Akanipa omo kwa mbele ya chombo na tezi kwa nyuma, na ngama kule chini maji yanakojikusanya, na hapo kwa mara ya kwanza nikaielewa kwa macho methali niliyoikariri tangu shule, kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Akanipa demani, ambayo ni kamba ya kuzuia tanga na pia ni jina la majira, akaniambia kwamba nikichanganya hizo mbili mabaharia watanicheka. Alipojua kwamba nahodha wa hadithi ni mwanamke alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Na mabaharia wake wanamtii?” Nikamjibu kwamba wanamtii. Akasema, “Basi anajua maji. Nahodha asiyejua maji hatiiwi hata akiwa na ndevu hadi kitovuni.” Kauli hiyo nimeiandika juu ya ukurasa wa kwanza wa sherehe yangu, ambayo sasa ina maneno themanini na sita.

Sehemu iliyonichukua muda mrefu ni upepo. Msomaji asiyejua misimu ya bahari hii anaweza kuona kwamba haraka na subira za Amina ni hila za mtunzi, ilhali zinatokana na mambo ambayo kila mvuvi wa hapa anayajua. Kaskazi, inayovuma takribani kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo iliyovileta vyombo vya Arabuni na Bara Hindi katika pwani yetu, na kusi, inayoanza mnamo Aprili, ndiyo iliyovirudisha. Kisha katikati ya mwaka kusi huwa kali kiasi kwamba nahodha mwenye akili hukaa bandarini. Aliyechelewa kuondoka alilazimika kungoja miezi, akila akiba na kusikiliza umbea wa bandari. Niliandika ukurasa mmoja kuhusu jambo hili, nikachora duara la miezi kumi na miwili, na nadhani ni ukurasa utakaowafaa wenzangu kuliko muhtasari wowote wa sura.

Jambo lingine nililolieleza ni chombo chenyewe. Majahazi ya karne hiyo katika bahari hii yalikuwa ya kushonwa kwa kamba za makumbi, bila misumari, na msafiri Ibn Jubayr, aliyepita bandari ya Aydhab kwenye Bahari ya Shamu mwaka 1183, aliyaeleza kwa mshangao. Sisi tuliuita mtepe. Nilipokuwa Zanzibar zamani niliuona mmoja, uliojengwa upya kwa ajili ya maonyesho, ndani ya jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib, kabla ya sehemu ya jengo hilo kuanguka mnamo Desemba 2020. Nilipita haraka siku hiyo kwa sababu nilikuwa nawahi boti, na sasa najuta.

Mwezi wa tatu: kumtafutia Mwalimu ndoano

Mwalimu hupenda ushahidi, kwa hiyo nilisoma pembeni kidogo kuhusu Aden ya wakati ule. Barua za wafanyabiashara wa Kiyahudi zilizohifadhiwa katika sinagogi moja la Cairo ya kale, ambazo wanahistoria huziita barua za Geniza, zinaonyesha mji uliochangamka: pilipili na chuma kutoka Bara Hindi, madeni, malalamiko kuhusu shehena iliyolowa, salamu kwa watoto. Zinaeleza pia jinsi mtawala wa kisiwa cha Kish, katika Ghuba ya Uajemi, alivyotuma meli kuushambulia mji huo mwaka 1135 akitaka sehemu ya ushuru. Nilipomsomea Mwalimu habari hiyo kwa simu, bila kutaja riwaya, aliuliza kitabu kinaitwaje. Nikamtajia Amina al-Sirafi. Alikaa kimya, kisha akasema, “Umenitega.”

Lakini ningekosa uaminifu kama ningekisifu kitabu hiki bila kusema kasoro zake. Amina anazungumza kama mtu wa leo, kwa mizaha ya kasi, na kuna mahali nilipotamani anyamaze ili nisikie mawimbi. Sehemu ya katikati, baada ya chombo kupata mabaharia wake wote, inalegea kwa takribani sura tatu. Pwani yetu yenyewe, yaani Kilwa, Mombasa na Pemba, haitembelewi ipasavyo katika kitabu hiki cha kwanza. Mogadishu ndiyo inayotuwakilisha, na msomaji wa Kiswahili anabaki ukingoni mwa ramani akipunga mkono. Pia si kitabu cha watoto. Kuna damu, pombe na lugha ya mabaharia, na yupo mume mmoja wa zamani wa Amina ambaye si binadamu na ambaye adabu zake ni za kiumbe huyo.

Kilichonifanya nikipendekeze pamoja na hayo ni namna kinavyomchukulia Amina kuwa mtu mzima. Riwaya nyingi za aina hii zinamfuata kijana anayegundua kwamba ana kipawa. Huyu alikwisha kukigundua, alikwisha kukitumia vibaya, na sasa anasali sala zake akijua orodha ya dhambi zake kwa majina. Anampenda bintiye na anaitamani bahari, na kitabu hakimlazimishi kuchagua mapenzi moja kwa kuyatukana mengine. Halafu kuna usimulizi wenyewe: hadithi nzima anaitoa kwa mdomo kwa karani anayeiandika, akijikatiza, akimwomba Mungu msamaha, akimwambia karani jambo fulani asiliandike, na katikati ya sura huingia vipande vya hekaya na nyaraka vinavyopingana na maneno yake. Ukikisoma kwa sauti unasikia baraza. Ndiyo maana nimewaomba wenzangu tusikisome kimya kimya majumbani tu, bali sura ya kwanza na ya mwisho zisomwe mbele ya wote.

Nakala tulizonazo ni tatu za karatasi na mbili za kusomea kwenye simu. Mojawapo ya zile za karatasi ilicheleweshwa wiki tano na msafirishaji, ikafika ikiwa imelowa pembeni, jambo ambalo wenzangu wamelikubali kuwa linafaa kwa hadithi ya bahari.

Jumamosi iliyopita

Tulisoma sura ya kwanza. Nilisoma kwa Kiingereza aya moja moja, na mwenzetu mmoja, mama muuza vitambaa mwenye sauti nzuri kuliko sisi sote, akawa anasimulia kwa Kiswahili akifuata muhtasari wangu na kuongeza chumvi yake mwenyewe. Niliposema goti la Amina linauma, akina mama wawili waliguna kwa pamoja. Paka wa chombo hicho hatujamfikia, lakini nimekwisha kuwadokezea kwamba yupo na kwamba hana faida yoyote, na kwa baadhi yao hiyo imekuwa sababu tosha ya kuendelea.

Mzee jirani alialikwa naye akaja. Alisahihisha maneno manne katika sherehe yangu, mawili kati yake niliyaandika kama alivyonitajia yeye mwenyewe, na sikuthubutu kumwambia. Mwalimu hakusema kama ni fantasia au ni hekaya. Aliazima nakala ile iliyolowa, akaiweka ndani ya gazeti ili isichanike, akaniuliza kama ninaweza kumchapishia lile duara la pepo kwa herufi kubwa zaidi, kwa sababu miwani yake ni ya zamani. Nimelichapisha leo asubuhi, katika ukubwa wa ukurasa mzima. Kwa mkutano ujao tunafika hadi Aden, sura sita, na mimi nimebakiza kuandika muhtasari wa mbili.