Waliobaki na rozari bila padre

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii sala imekuwa nzito kwangu. Nyumbani tunauguza, na usiku nikipiga magoti maneno hayaji. Nashika rozari, napitisha punje moja moja, Salamu Maria zinatoka mdomoni huku akili iko wodini. Katika hali hiyo wamenijia sana Wakristo wa kale wa Japani.

Safari ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri, mmisionari aliyepeleka Injili Japani, mnaifahamu. Alitoka Lisbon mwaka 1541, akakaa miezi kadhaa Kisiwa cha Msumbiji akihudumia wagonjwa, akapita Malindi, na mwaka 1542 akafika Goa, India. Tarehe 15 Agosti 1549, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Mama Maria, alishuka Kagoshima, Japani. Mjapani aliyekuwa naye, aliyebatizwa kwa jina la Paulo, alimwonyesha mtawala wa eneo lile picha ya Bikira Maria waliyokuja nayo, na mtawala akapiga magoti. Mama yake mtawala akaipenda, akaomba achorewe nyingine kama hiyo. Haikuwezekana, maana vifaa vya kuchorea havikuwepo.

Miaka iliyofuata merikebu za Wareno zilileta rozari, medali, misalaba midogo na vibao vya shaba vyenye sura ya Bwana. Kisha mwaka 1614 Ukristo ukapigwa marufuku nchi nzima, mapadre wakafukuzwa. Vibao vile vile waumini wakanyang'anywa, vikapachikwa kwenye mbao, na watu wa Nagasaki wakaamriwa kuvikanyaga mmoja mmoja, ili atakayesita ajulikane kuwa ni Mkristo. Vingine vipo mpaka leo, sura ya Bwana imelika kwa nyayo.

Walionusurika walijificha. Wengine walisali mbele ya sanamu nyeupe za kaure kutoka China. Machoni pa majirani ni sanamu za Kibudha, wao walimwona Mama Maria. Kwa zaidi ya miaka 200 hawakuwa na padre. Hakuna misa, hakuna kitubio. Waumini wa kawaida ndio waliobatiza watoto, wakatunza kalenda ya sikukuu, wakafundishana sala kwa mdomo, ndani ya nyumba, milango imefungwa.

Tarehe 17 Machi 1865 kikundi cha watu kutoka kijiji cha Urakami kiliingia kanisa jipya la Oura, Nagasaki, lililojengwa kwa ajili ya wageni. Mwanamke mmoja alimsogelea Padre Bernard Petitjean, mmisionari Mfaransa, akamwambia kwamba mioyo yao ni sawa na moyo wake. Kisha akauliza: sanamu ya Santa Maria iko wapi?

Baada ya hapo zaidi ya 3,000 wa Urakami walihamishwa kwa nguvu kwa ajili ya imani hiyo, mpaka marufuku ilipoondolewa mwaka 1873.

Sasa niseme wazi, ndugu zangu. Sisi misa tunayo, padre tunaye, rozari zinauzwa mlangoni mwa kanisa. Tunazitundika kwenye kioo cha gari, tunazivaa shingoni, tunazipeleka zibarikiwe, na mtoto wa darasa la tano nyumbani hajui Nasadiki! Kisakramenti, yaani kitu kilichobarikiwa kama rozari au medali, si hirizi. Kimebarikiwa ili tusali, na asiyesali anabeba shanga tu. Wala tusimtwishe katekista mzigo wa baba na mama kwa saa yake moja ya Jumamosi. Mtume Paulo alipoisifu imani ya Timotheo aliwataja bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Je, mtoto wako atamtaja nani?

Najua mmechoka. Wengine mnauguza, wengine mnarudi kazini usiku. Basi msianze na rozari nzima, salini tendo moja tu, yaani fungu moja la Salamu Maria kumi, kabla ya kulala, simu zikiwa pembeni. Mpeni mtoto rozari mkononi, aongoze yeye. Akikosea mahali, mrekebisheni taratibu, aendelee.