Chembe za beta-karotini kugandamana: jinsi nilivyotatua

Kama unafunika beta-karotini (rangi ya chungwa iliyo kwenye karoti) kwa polima ya PHBV (plastiki inayotengenezwa na bakteria) ukitumia kaboni dioksidi iliyovuka joto la nyuzi 31 na presha ya baa 74 (hapo huwa kati ya gesi na kimiminika), na ukifungua chombo unakuta utando wa rangi ya chungwa badala ya unga, pole. Hapa maabara, Arusha, nilipunguza kasi ya pampu, nikabadili sindano ya kunyunyizia, wapi!

Kilichosaidia: pampu ya myeyusho (beta-karotini na PHBV vilivyoyeyushwa kwenye kiyeyushi, diklorometani) ikishazimwa, usiguse vali. Acha kaboni dioksidi tupu iendelee kupita, presha na joto vilevile, hadi ioshe diklorometani yote. Ukishusha presha mapema, diklorometani inarudi kuwa kimiminika juu ya chembe na kuziyeyusha. Halafu shusha taratibu, vali ya kutokea ikipashwa moto, maana huziba kwa barafu. Sasa napata unga mkavu.